Fundi wa ruta pale Luthuli Avenue: hupima kwanza, huuza baadaye

Ninaipendekeza huduma hii kwa mkazi yeyote wa Nairobi ambaye intaneti ya nyumbani humkatikia kila mara bila sababu inayoeleweka, na hasa kwa yule ambaye ameshaambiwa na jamaa na majirani kwamba dawa ni kununua ruta mpya. Kibanda chenyewe kimo ndani ya mojawapo ya majengo ya maduka ya vifaa vya elektroniki kwenye Luthuli Avenue, na hakina bango, kwa hiyo itakubidi uulizie wauzaji wa kebo hapo mlangoni. Nafasi ni finyu, lakini meza ya kazi ni safi na kila kifaa cha mteja kimebandikwa karatasi yenye jina na maelezo ya hitilafu.

Sifa kubwa ya fundi huyu ni kwamba huuliza kabla ya kugusa chochote. Nilipomkabidhi ruta, aliiweka kando akaniuliza: "Mama, ikikatika, taa zake huwa zinafanya nini?" Swali hilo lina uzito kuliko linavyosikika. Taa zote zikizima kwa pamoja kisha zikaanza kuwaka upya moja baada ya nyingine, maana yake ruta imejizima na kujiwasha, na wa kushukiwa kwanza ni umeme unaoifikia. Taa iliyoandikwa LOS ikiwaka nyekundu, au ile ya PON ikipepesa ilhali kwa kawaida hutulia, mwanga haufiki vizuri kupitia faiba, yaani waya wa kioo unaoleta intaneti kwa mwanga, na hapo ruta ya bei yoyote ile haitakusaidia. Taa zote zikiwa shwari lakini simu haifungui kitu, uchunguzi unahamia kwenye waifai, kwenye mipangilio ya ruta, au kwa mtoa huduma mwenyewe.

Nyumbani kwetu Umoja dalili mbili za kwanza zilikuwa zikijitokeza kwa nyakati tofauti, na ndiyo sababu wahudumu wa simu wa kampuni inayotuuzia intaneti hawakufika popote, kwani kila tulipopiga walituelekeza tuzime, tusubiri kidogo, kisha tuwashe. Fundi aliposikia hivyo alikataa kuniuzia ruta niliyokuwa nimeiulizia bei, akasema heshima ni kuja kupima pale pale tatizo lilipo.

Alipofika, alianza kwa kuunganisha kompyuta yake na ruta kwa kebo ili waifai iondoke kwenye hesabu. Akafungua madirisha mawili: moja likiituma kompyuta kuita ruta yenyewe kwa anwani 192.168.1.1, na la pili likiita 8.8.8.8, ambayo ni seva ya Google iliyo nje kabisa ya nyumba. Ruta ikijibu huku ile ya nje ikinyamaza, hitilafu iko kwenye laini au mbele yake. Zote mbili zikinyamaza, tatizo ni ruta au umeme wake. Jaribio hili halihitaji malipo, linawezekana kwa kompyuta yoyote, na ningependa kila mwenye ruta alijue kabla hajatoa hata shilingi moja.

Hatua iliyofuata ndiyo iliyonishawishi kwamba nilikuwa mikononi mwa mtu anayeijua kazi yake. Adapta yetu, ile inayoipa ruta umeme kutoka ukutani, imeandikwa volti 12, ampea 1.5, na ukiipima ikiwa haina mzigo inaonyesha 12 kamili, kwa hiyo fundi mwenye haraka angeipitisha. Yeye alichomeka kipimo kidogo katikati ya adapta na ruta, akatuomba tuwashe televisheni na simu zote zivute video kwa pamoja, nasi tukiangalia namba ikashuka hadi chini ya 11, ikayumba, kisha ruta ikazima mbele ya macho yetu. Baadaye kibandani aliipasua adapta hiyo na kunionyesha kapasita, kijisehemu kinachohifadhi umeme kwa muda mfupi, iliyovimba kichwani, yenye utando wa kahawia uliokauka pembeni. Kapasita za aina hiyo huzeeka kwa joto, na yetu ilikuwa imekaa miaka nyuma ya televisheni pasipopita hewa. Alinieleza pia kanuni ya kununua nyingine: volti lazima zilingane, mpangilio wa chanya na hasi ulingane, na ampea ziwe sawa au zaidi, kamwe zisipungue.

Upande wa faiba aliushughulikia kwa uangalifu uleule. Alichomoa kiunganishi cha kijani, akatuonya tusikitazame kwa jicho kwa kuwa mwanga wa leza unaopita humo hauonekani lakini unaweza kudhuru, kisha akapima nguvu yake. Kipimo kilisoma dBm −28 (dBm ni kizio cha desibeli cha kupimia nguvu, na namba ikikaribia sifuri mwanga ni mkali zaidi), ilhali vifaa vingi vya nyumbani vya mfumo huu vimeundwa kupokea mwanga usiopungua −27. Chanzo kilikuwa kabati: waya mwembamba wa faiba ulikuwa umebanwa kati ya kabati na ukuta, umekunjika kwa pembe kali, na mwanga ulikuwa ukivuja pale penye mkunjo kama maji kwenye mpira uliotoboka. Tulipolisogeza kabati na kuuachia waya mzingo mpana, usomaji ulipanda hadi −21. Kwa kuwa kila desibeli 3 ni sawa na nguvu kuongezeka maradufu, tofauti hiyo ni takribani mara tano ya mwanga tuliokuwa tukipokea awali. Hakuugusa waya ulio nje ya nyumba, akisema huo ni mali ya kampuni, bali aliniandikia vipimo vyote viwili, −28 na −21, nivipeleke kwao. Na kweli nilipowatajia vipimo badala ya malalamiko, walimtuma mtu kuubadilisha waya uliojeruhiwa bila ubishi.

Kuhusu waifai alitumia muda mfupi. Aliihamisha ruta kutoka chaneli, yaani njia ya mawimbi, iliyokuwa imejaa kwenye masafa ya gigahezi 2.4 hadi chaneli 11, akiwa amebaki na chaguo la 1, 6 au 11 kwa sababu hizo ndizo zisizoingiliana, na akaiunganisha televisheni na masafa ya gigahezi 5 kwa vile iko chumba kimoja na ruta. Alionya kwamba gigahezi 5 haitapenya vizuri kuta zetu za mawe hadi chumba cha nyuma, na ndivyo ilivyo.

Kasoro zipo, na ninazitaja kwa sababu huduma nzuri kiasi hiki inastahili kuzirekebisha. Alifika alasiri ilhali tulikubaliana asubuhi, na hakupiga simu. Risiti ilitolewa nilipoidai, wala dhamana ya adapta mpya haikuandikwa popote. Kubwa zaidi, aliingia kwenye mipangilio ya ruta kwa nenosiri lilelile la kiwandani lililobandikwa chini yake, akamaliza kazi na kuliacha vivyo hivyo bila kutushauri tulibadilishe. Fundi anayejali mwanga na umeme kwa kiwango hiki anapaswa kujali usalama wa mteja vilevile.

Nililipa shilingi 1,500 za kuja nyumbani na kupima, na 800 za adapta. Ukipeleka kifaa mwenyewe kibandani, upimaji wa adapta pekee ni bure. Hata hivyo, kabla ya kupanda matatu kwenda mjini, bisha kwa jirani anayetumia kampuni tofauti na yako umuulize kama intaneti yake inafanya kazi. Tarehe 12 Mei 2024 nyaya za baharini za EASSy na Seacom zinazobeba intaneti zilipokatika, intaneti ilizorota Afrika Mashariki yote, na siku kama hiyo hakuna fundi wa Luthuli atakayekufaa. Kama jirani yuko sawa na wewe umekwama, beba ruta pamoja na adapta yake yenyewe, usichukue nyingine inayofanana nayo, na uwe umepiga picha ya taa wakati intaneti imekatika, kwa maana hiyo ndiyo atakayoiomba kwanza.