Wakala wa ritani aliyesajili barua pepe yake kwenye akaunti yangu ya kodi

Kwa wiki kadhaa nilimsifu kijana huyu katika chumba cha walimu, mbele ya kila aliyekubali kunisikiliza, na wenzangu wawili walimwendea kwa sababu yangu. Naandika haya, basi, kwa hasira, lakini pia kwa kuwaomba radhi hao wawili.

Ni mmoja wa mawakala wanaojaza ritani za kodi, yaani zile taarifa za mapato na kodi za kila mwaka, katika saiba (maduka ya kompyuta na intaneti) za katikati ya jiji, karibu na Mtaa wa Tom Mboya, ndani ya jengo ambalo sitalitaja. Nilimwendea siku za mwisho za Juni, ambazo kila mkazi wa Nairobi anazijua: makataa ni tarehe 30, mtu binafsi anayechelewa hutozwa shilingi 2,000 au asilimia 5 ya kodi anayodaiwa, kiasi kilicho kikubwa kati ya hivyo viwili, na sisi sote tuliokuwa na nafasi tangu Januari hukumbuka wajibu wetu siku moja.

Mimi nimeajiriwa katika shule ya binafsi. Kila mwezi nalipia bima ya elimu ya mwanangu shilingi 8,000, mkataba wa miaka 12, na fedha hizo hutoka kwenye akaunti yangu ya benki bila kupitia kwa mhasibu wa shule. Sheria humpa mwenye bima ya aina hiyo, ikiwa muda wake haupungui miaka 10, nafuu ya kodi ya asilimia 15 ya anacholipa, mradi nafuu hiyo isizidi shilingi 60,000 kwa mwaka. Malipo yangu ya mwaka ni 96,000, kwa hiyo nafuu yangu ni 14,400. Mhasibu hakuwahi kuihesabu kwa sababu sikumpelekea cheti cha bima, na hilo ni kosa langu mwenyewe. Fomu yangu ya P9, ile ambayo mwajiri humpa mfanyakazi kuonyesha mshahara na kodi aliyokatwa kwa mwaka, ilionyesha ile nafuu ya kila mtu tu, shilingi 2,400 kwa mwezi, na kodi niliyokatwa ikawa imezidi. Nilichotaka ni kurudishiwa hiyo ziada.

Nilimpa P9, cheti cha bima, PIN yangu, yaani namba ya mlipakodi, na, kwa ujinga ambao sasa siwezi kuueleza, nenosiri langu la iTax, mfumo wa kodi wa mtandaoni, likiwa limeandikwa kwenye kipande cha karatasi. Nilimwambia wazi kwamba natarajia 14,400. Baada ya kama robo saa aligeuza skrini yake nione: 28,800.

"Madam, ulikuwa unajipunja," akasema.

Sijawahi kumpenda mtu nisiyemjua kwa kasi kama ile. Ada yake ilikuwa asilimia 20 ya kitakachorudi, yaani 5,760, nami nikamtumia kwa M-Pesa pale pale nikiwa nimesimama, nikapokea stakabadhi iliyochapishwa vizuri na kubanwa kwa pini, nikapanda matatu nikipanga matumizi. Laiti ningeandika tathmini hii jioni ile, ingekuwa wimbo wa sifa.

Kisha kimya. Nilisubiri barua pepe, haikuja. Nilijaribu kuingia kwenye akaunti, nenosiri likakataliwa. Niliomba jipya, mfumo ukanijulisha kwamba limetumwa kwenye anwani iliyosajiliwa, nami nikafungua sanduku langu la barua mara sijui ngapi, hadi kwenye zile barua taka, bila kuona kitu. Mwishowe nilikwenda na kitambulisho kwenye dawati la huduma la KRA, mamlaka ya kodi ya Kenya, ambako mama mmoja mpole aliangalia na kuniuliza kama anwani ile anayoiona ni yangu. Haikuwa yangu. Ilikuwa ya saiba.

Hapa ndipo naomba msomaji anivumilie, kwa sababu mengine yote ningeweza kuyasamehe. Akaunti ya kodi ina mshahara wangu, namba ya akaunti yangu ya benki, bima ya mtoto wangu. Kila barua ambayo KRA ingeniandikia ilikuwa ikienda kwa mtu ambaye jina lake la pili silijui.

Nilirudi kwake siku hiyo hiyo.

"Huwa tunaweka ya ofisi, madam, ili tukufuatilie mambo," akanieleza bila hata kuacha kuchapa.

"Na umefuatilia nini, kijana wangu?"

Akafungua sanduku hilo mbele yangu. Barua zisizosomwa zilikuwa nyingi kupita kiasi, za watu wasiojuana, zimepangana kama viatu mlangoni pa msikiti. Akatafuta PIN yangu, na barua yangu ikatokea. Ilikuwa imekaa pale zaidi ya mwezi, ikinitaka niwasilishe ushahidi wa michango ya pensheni.

Mimi sina mfuko wa pensheni nje ya NSSF, ule mfuko wa taifa wa hifadhi ya jamii. Ndipo nilipoelewa ile 28,800 ilikotoka: alichukua 96,000 za bima akazijaza kwenye nafasi ya pensheni. Mchango wa pensheni hupunguza mapato yanayotozwa kodi, na kwa kuwa sehemu ya juu ya mshahara wangu hutozwa asilimia 30, kodi ilishuka kwa 28,800. Nafuu ya bima haiyagusi mapato. Huondolewa kwenye kodi yenyewe, tena kwa asilimia 15 tu. Nilimweleza hivyo, kwa sauti ya chini, kwa sababu nyuma yangu kulikuwa na watu.

"Makato, nafuu, yote ni kupunguza kodi," akanijibu. "Mwalimu, hizi si zile hesabu za watoto wa darasa la nne."

Ninafundisha Hisabati. Darasa la nne ni mojawapo ya madarasa yangu.

Nikitulia, nakiri kwamba sidhani alikusudia kuiba. Ana wateja wengi na usingizi kidogo, na pengine hakuna aliyewahi kumwonyesha tofauti hiyo. Tena nilikuwa nimeshapiga hesabu ya 14,400 nyumbani, na nilipoonyeshwa mara mbili yake sikuuliza swali hata moja. Mwanafunzi wangu angeniletea jibu la namna hiyo ningemrudishia daftari. Nilikuwa tayari kumpa nyota mbili kwa ajili hiyo. Lakini nilipoomba anirudishie angalau nusu ya ada, alisema ile ilikuwa ya kujaza na kujaza alijaza. Kurekebisha ni shilingi 500 nyingine. Ada aliyochukua ni asilimia 40 ya fedha ninazostahili kweli. Nyota mbili zikaishia hapo.

Kwenye dawati walinibadilishia anwani, nikaweka nenosiri jipya, na ritani nikairekebisha mwenyewe usiku mmoja nyumbani. Sehemu ya bima inadai PIN ya kampuni ya bima, namba ya mkataba, tarehe ya kuanza na ya kukomaa, na yote hayo yako kwenye kile cheti kilichokuwa chini ya kiwiko chake siku ile. Ikatoka 14,400. Nimeomba upya kurudishiwa, na bado nasubiri. Sheria inaruhusu kudai kodi iliyozidi ndani ya miaka 5, kwa hiyo haki yangu haijapotea, ingawa kama ushahidi ule wa pensheni ungeendelea kutafutwa, wa kujibu ningekuwa mimi, si yeye. Yeye hayumo popote kwenye ritani ile.

Mmoja wa wale wenzangu wawili ameangalia akaunti yake. Ameikuta anwani ile ile. Mwingine anasema ataangalia mwisho wa wiki, na kila tukikutana chooni au kwenye chai namuuliza, mpaka ameanza kunikwepa.

Kama unachotaka ni kuchapishiwa tu karatasi, mashine yake ni nzuri na hachelewi. Lakini akikuuliza nenosiri, mwambie umelisahau.