TAHADHARI: Huyu anayeuza probu za "40kV" za kupimia umeme mkubwa kwa laptopu, msimtumie hela

Wadau wa Dom, Singida, Manyoni, Kongwa, mafundi wote wa kusuka mota na transfoma, someni hii na muwatumie wenzenu kabla hajafa mtu. Kuna jamaa yumo kwenye magrupu yetu, wengi mnamwita injinia, anauza probu (kile kishikio chenye ncha cha kugusia umeme unaopimwa) anayosema inapima mpaka kilovolti 40, pamoja na oskiloskopu ya USB, kifaa cha kuonyesha wimbi la umeme kwenye laptopu. Ni TAPELI, na huyu sio tapeli wa hela tu, anauza kifo.

Nilikuwa nakitafuta hiki kitu kwa ajili ya mota ya mzee mmoja wa Kibaigwa, mteja wangu. Mota ya volti 400 ukishaisuka unaijaribu insulesheni kati ya waya na bodi kwa AC mara mbili ya volti zake ukiongeza 1000, yaani 1800, dakika nzima. Nilitaka wimbi la huo umeme lionekane kwenye laptopu, nipate kulihifadhi, mteja akija nimuonyeshe.

Sasa sikilizeni alivyonipata. Alinipigia video kabisa, kavaa ovaroli, mezani laptopu imewaka, akaniambia shikamoo kaka angalia mwenyewe. Akachomeka ncha ya probu kwenye soketi ya ukutani, wimbi likatulia safi kwenye skrini, juu imeandikwa 325. Akasema "230 unayoijua ni RMS, ile thamani inayosomwa na mita, kilele chake ndo 325, mtu akikuuzia kifaa hajui hilo mkimbie." Ni kweli kabisa anachosema! Nani asingemuamini mtu anayeongea hivo? Risiti ina mhuri, mzigo ukafika stendi ya Nanenane kama alivyoahidi, probu nzito mkononi, ina stika ya CAT IV, ile alama ya usalama ya daraja la juu la vifaa vya kupimia. Nikaijaribu kwenye soketi ya karakana ikasoma vilevile. Laki nne na themanini yangu nikaona imeenda pazuri.

Siku ya kujaribu mota mzee mwenyewe alikuwepo, kakaa kwenye benchi anaangalia. Napandisha volti taratibu kwa variaki, ile transfoma ya kurekebisha volti, wimbi linakua, sijafika hata 1800 nikasikia PAA, cheche ya bluu ikatambaa kwenye waya wa USB mpaka ubavuni mwa laptopu, skrini ikazima, karakana nzima harufu ya plastiki. Kijana wangu mkono wake ulikuwa kwenye mausi sekunde chache kabla. Nilishindwa kumuangalia yule mzee usoni, mtu kanipa kazi yake ananiamini, anaondoka ananiambia pole mwanangu huku anatikisa kichwa. Laptopu mazabodi imekufa, kazi za wateja zote zilikuwa humo.

Nampigia jamaa ananiambia "umechomeka vibaya kaka", namtumia picha, kanibloku.

Nikachukua msumeno nikaipasua. Ndani ni bomba la PVC limejazwa silikoni, rezista (vipande vya kupunguza umeme) TATU za robo wati, zile za kawaida za redio, kila moja inavumilia kama volti 250 basi. Na ule waya wa ethi (wa kwenda ardhini) wenye klipu, jamani, umekatwa ukaishia ndani ya gundi, haujagusa kitu chochote! Ndo maana alisisitiza laptopu ibaki kwenye chaja, kumbe ethi ilikuwa inajipatia njia kupitia mwili wa laptopu yangu. Kwenye soketi inasoma, ukipanda umeme unaruka rezista zote unakuja mzima mzima kwenye mashine na kwa aliyeishika.

Na vijana kawaambia inapima hata laini ya kilovolti 33! Fezi kwa fezi kilele chake ni karibu kilovolti 47, hata probu halali ya 40 haitoshi, na hata wenye laini zao wanashusha kwanza kwa transfoma ya kupimia, kawaida mpaka volti 110, ndo vifaa vinasoma. Huyu anataka watu waungue juu ya nguzo. Afungwe! Sio faini, afungwe, Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015 ipo, itumike. RB ya polisi ninayo, namba ya simu ya huyu jamaa nimeituma 15040, ile ya kuripoti matapeli, na TBS, wale wa viwango, nitawapelekea hiyo probu ilivyopasuliwa waione.

Mliokwisha nunua msiichomeke popote. Pimeni kwa mita ile klipu ya ethi na ganda la plagi ya upande wa oskiloskopu, haisomi kitu, yaani hazijaungana. Ncha mpaka pini ya katikati inasoma kama megaomu 30, wakati probu ya kweli ya kushusha mara 1000 ni mamia ya megaomu, mita nyingi za kawaida haziwezi hata kuisoma. Stika imeandika kV tu, haisemi AC au DC, RMS au kilele. Ukimwambia aonyeshe kwenye volti zaidi ya za soketi anakwepa, mimi aliniambia transfoma yake iko kwa fundi.

Wenye meseji zake na miamala msifute, nitumieni inboksi, Jumatatu narudi kwa mpelelezi na kasema tukiwa wengi faili linaenda haraka.