Nimepunguza siti ya Honda XR 150 sababu ya ufupi wangu, haya ndo niliyopitia

Nianze na vipimo mana mfupi mwenzangu ndo kitu atakachotaka kujua kwanza. Mimi ni mwanamke, urefu sentimita 154 bila viatu, mguu kwa ndani sentimita 70. Nilisimama nimeegemea ukuta, daftari gumu katikati ya mapaja, mdogo wangu akapima kwa tepu ya fundi cherehani kutoka juu ya daftari mpaka sakafuni. Pikipiki ni Honda XR 150 niliyonunua ikiwa imeshatumika kwenye mradi, na siti yake ikiwa haijakaliwa na mtu niliipima sentimita 83 kutoka chini. Ukikaa inazama kidogo kama pikipiki zote, ila hata ikizama nilikuwa nagusa kwa ncha za vidole tu, na nikisimama pembeni ya barabara pale lami inapolalia mtaroni basi mguu wa upande wa mtaro haufiki kabisa.

Najua kuna mtu atasema si uuze ununue Boxer. Nimeambiwa sana tu. Kazi yangu ni dawa na chanjo za kuku, kideri ndo nachanja zaidi, naishi Temeke na wafugaji wangu wengi wako Kigamboni kule ndani, Kibada, Mwasonga mpaka Kimbiji, na kule ukishaacha lami ni mchanga, mvua ikinyesha ni madimbwi ambayo hujui kina chake mpaka uingie. Ile tairi ya mbele ya inchi 19 na ile nafasi iliyopo chini ya injini vinanipitisha sehemu nyingi ambazo nimekuta wenzangu wameshuka wanasukuma. Pikipiki nilikuwa naipenda, nilichotaka ni miguu ifike chini.

Kilichonifanya niamue ni pantoni. Nilitoka mjini kuchukua chanjo, nikapitia Kivukoni kuvuka, maji yalikuwa yamekupwa kwa hiyo lile bati la kupandia lilikuwa limelala mteremko mkali, limelowa, na watu wanashuka kwa kusukumana kama kawaida ya pale. Wa mbele yangu akasimama ghafla, nami nikasimama, nikashusha mguu wa kushoto ukakuta chuma chenye maji, kidole kikateleza pikipiki ikaanza kulala. Kijana mmoja akaidaka kwa goti lake na mkono, lakini kiboksi cha barafu nilichofunga nyuma kikachomoka, kifuniko kikafunguka na vichupa vikabingirika mpaka chini ya bajaji. Mama mmoja mtu mzima akaanza kuviokota mmoja mmoja anavifuta kwa kanga, akanipa akaniambia pole mwanangu, hiyo pikipiki inakuzidi. Niliumia, mana ninaendesha mwaka wa nne sasa na kuendesha najua, tatizo ni pale inaposimama tu.

Sasa kosa langu la kwanza nililianzia kwenye gereji. Sitaitaja. Wakaniambia dada hiyo nusu saa tu, tunaishusha nyuma. Mimi nikadhani kuna kitu cha kufunga au kurekebisha, kumbe walichofanya ni kuitoa shokapu ya nyuma na kuikata springi kwa grainda, duara moja na nusu hivi, wakarudisha. Elfu hamsini. Nilivyokaa nikafika chini kweli, nikafurahi, nikalipa nikaondoka.

Furaha haikufika hata wiki. Kwanza stendi ya pembeni, pikipiki ikishashuka stendi inakuwa ndefu kwake, kwa hiyo badala ya kuegemea kushoto inasimama wima kabisa, upepo au mtu akiigusa inaangukia kulia, na mimi iliniangukia nje ya duka la vyakula vya kuku ikapinda pedeli ya breki. Pili usukani, nyuma ikishuka na mbele ikabaki juu ni kama umeipindua pua yake angani, ikawa nzito kukata kona, na taa usiku inamulika machoni mwa wanaokuja. La tatu ndo lililonitisha, nikibeba mzigo nikapiga tuta nasikia tairi ya nyuma inakwangua ndani ya madigadi, kruu, na harufu ya mpira inakuja. Springi iliyokatwa vile haikai sawa kwenye kikombe chake mana upande uliokatwa hauna ule mwisho bapa wa kiwandani, inakaa kiupande, na ikiwa fupi shokapu ikinyooka yote inabaki kulegea inagonga. Nikaenda mtaa wa Gerezani, kule Kariakoo, nikatafuta shokapu nyingine iliyotumika, elfu themanini na tano, nikafungiwa, nikarudi nilipoanzia na hela imeenda.

Jamani mtu akikwambia anakata springi usikubali. Pikipiki zenye linki kule chini ya shokapu, yaani vile vyuma vya kuiunganisha, zinabadilishwa linki zikawekwa ndefu kidogo, halafu na mbele zile fork, miguu miwili inayoshika tairi ya mbele, zinapandishwa kwenye klampu zake kwa kiasi kinachoendana, na stendi inafupishwa. Hiyo ni kazi inayoeleweka. Ila hata hiyo inakula ile nafasi ya chini ya injini ambayo mimi ndo nimeinunulia pikipiki, kwa hiyo niliachana nayo.

Aliyeniokoa ni fundi siti. Nilielekezwa na dereva wa bodaboda, kwamba Gerezani kuna mzee anashona siti za pikipiki na za magari, unaingia ndani ndani. Nikamkuta kakaa kwenye kigoda, mashine yake ya cherehani ya miguu mbele yake na pembeni rundo la makava ya zamani. Nikamsalimia shikamoo, nikamweleza. Hakuniuliza nataka ipungue sentimita ngapi, akaniambia panda nikuone unavyosimama. Nikapanda. Akachuchumaa akaangalia miguu yangu muda mrefu kuliko alivyoangalia pikipiki, halafu akasema mwanangu, siti hii si ndefu tu, ni pana hapa mbele, mapaja yanatanuka kabla miguu haijashuka.

Hapo ndo nilipoelewa kitu ambacho hakuna fundi mwingine aliniambia. Ukipanua miguu kuzunguka siti pana, urefu wako unaishia kwenye upana. Simama ukiwa umetanua miguu uone unavyopungua kimo, ndo hicho hicho. Kwa hiyo ukichonga mabega ya siti pale mapaja yanapopita unapata miguu bila hata kushusha sana.

Akaitoa siti, akachomoa pini za stepla moja moja kwa bisibisi aliyoichonga ncha, akavua leksini, ile ngozi ya plastiki ya juu, taratibu mana aliitumia kama patani ya kukatia mpya. Sponji ikabaki wazi, ya njano imeshaanza kuwa kahawia pembeni. Akairudisha kwenye pikipiki hivo hivo bila kava, nikakaa tena, akachukua makapeni akachora mstari pande zote mbili pale mapaja yanapoishia na mwingine nyuma ya makalio. Kisha akakata kwa msumeno wa chuma ule mwembamba, blade peke yake ameifunga kitambaa upande wa kushikia, anavuta pole pole tabaka jembamba, anasimama, ananipandisha nikae, anakata tena. Alinipandisha mara tano. Pale ninapokaa katoa sentimita 4 na mabega kayachonga karibu sentimita 2 kila upande, akamalizia kwa msasa mpaka pakawa laini hakuna ngazi. Sehemu ya abiria hakuigusa.

Nilimuomba aongeze kutoa akakataa. Kaingiza kidole kwenye sponji akanionyesha kilipobaki, vidole vinne mpaka ule ubao wa plastiki wa chini, akasema ukipunguza zaidi ya hapa utakuwa unakalia plastiki. Juu yake akabandika kipande cha sponji ngumu, ile ya vipande vya magodoro vilivyogandishwa, unene kama sentimita moja, pale mfupa wa nyuma unapogusa tu. Akafunika na nailoni kuzuia maji, ndo akavika leksini mpya ile yenye chenga chenga isiyoteleza. Kazi yote ilianza saa tatu asubuhi ikaisha saa nane na robo, nimelipa elfu arobaini na tano pamoja na leksini.

Sasa nikipima siti ikiwa tupu ni 80 kamili, sponji ngumu imo humo. Nikikaa, nyama za mbele za nyayo zote mbili zinakanyaga chini, na nikisogea kidogo upande mmoja kisigino cha kushoto kinalala kabisa huku wa kulia uko kwenye breki. Kwangu hiyo imetosha. Na usukani uko vile vile, shokapu vile vile, stendi inaegemea kama zamani, mana kilichobadilika ni siti peke yake.

Kasoro zipo na nazisema. Safari ya zaidi ya saa moja na nusu makalio yanauma kuliko zamani, nikitoka Kimbiji lazima nisimame Kibada nijinyooshe. Na ile mbonyeo ya siti inakushika sehemu moja, huwezi kujisogeza nyuma kubadilisha mkao kama siti ilivyokuwa imenyooka. Abiria naye anakaa juu zaidi yako kwa hiyo ukifunga breki anakuja mzima mzima mgongoni, mwambie ashike kile chuma cha nyuma. Mwezi wa pili maji ya mvua yaliingia kwenye mshono wa mbele, nikikaa suruali inalowa hata jua likiwaka, nikamrudishia akafumua akapaka gundi na kushona upya, hakunitoza kitu.

Kitu kingine nilichoongeza ni buti. Nilipeleka kwa fundi viatu wa mtaani kwetu akabandika soli ya mpira wa tairi kwa chini, sentimita moja na nusu nzima, elfu kumi na mbili. Ni bei ndogo sana kwa faida yake. Ila ujue ukinenepesha soli mguu wa kushoto unashindwa kuingia chini ya pedeli ya gia vizuri, mimi siku mbili za mwanzo gia ya pili ilikuwa inagoma nikafikiri klachi imekwisha. Dawa yake ni kulegeza boliti ya pedeli, kuichomoa na kuirudisha ikiwa imepanda jino moja, dakika tano basi.

Ukienda kwa fundi siti, vaa viatu vile vile unavyoendeshea kila siku, usiende na ndala afu ukategemea vipimo vitakaa. Nenda na mzigo unaobebaga kama ni wa kudumu, mimi nilifunga kiboksi changu na barafu yake ili pikipiki izame inavyozamaga kazini. Wahi kabla ya saa nne, baadae pale Gerezani hata pa kuegesha hakuna, na mzee anafanya siti mbili tu kwa siku.