Silinda namba 3 ya Volkswagen yangu baada ya kubadili kipoza mafuta

Volkswagen Beetle yangu ni ya 1968, injini ya 1500. Kwa muda mrefu, kila nilipofungua kifuniko kuseti tapeti (nafasi ya valvu), nilikuta valvu ya ekzosi ya silinda namba 3 imebana. Nyingine zote ziko palepale kwenye milimita 0.15, hiyo moja fila (kibati chembamba cha kupimia nafasi) haipiti kabisa. Nikawa naiseti upya na kuendelea na safari. Nilikosea sana, maana valvu ilikuwa inarefuka kwa joto. Siku moja napandisha mlima wa Kitonga kwenda Iringa, valvu hiyo ikaungua. Kupima kompresheni, silinda nyingine tatu zinasoma zaidi ya psi 110, namba 3 inasoma 60.

Injini hizi za zamani zina kipoza mafuta (cha kupoza oili ya injini) kilichosimama ndani ya bati la feni, juu ya silinda za kushoto. Kinaziba upepo wa namba 3, na ule unaofanikiwa kupenya umeshapashwa moto na oili. Kiwanda chenyewe kilirekebisha: kuanzia modeli za 1971 kipoza kikahamishiwa nyuma ya bati, kikapewa kijumba chake, na feni ikawa pana zaidi.

Baada ya kutengeneza hedi nikanunua seti ya mtindo huo: bati, feni, kipoza na kishikizo chake. Bati ni zito, matundu ya bolti yanalingana, halitetemeki. Hapo nimeridhika kabisa. Lakini kibati cha kutolea hewa moto nje hakikuwemo, na bila hicho hewa iliyopita kwenye kipoza inabaki chumba cha injini na feni inaivuta tena. Fundi wangu alikata kingine. Sili nazo zilikuja za kipimo kimoja, wakati injini yangu ina matundu ya oili ya milimita 8 na kipoza kipya kina 10. Msifunge kwa kulazimisha. Zipo sili maalumu za kuunganisha vipimo hivyo viwili, na zikivuja hapo oili inaisha mkiwa barabarani.

Tulibadili pia mpira unaozunguka injini, unaozuia hewa moto ya chini isipande kwenye feni, uliokuwa umeliwa.

Nimeshatembea kilomita 9,000, Kitonga nimeipanda mara tatu. Wiki iliyopita nimepima asubuhi, injini ikiwa imelala baridi usiku kucha: namba 3 fila ya 0.15 ilipita, sawasawa na wenzake.