Laptopu mpya Kampala: kipi uongeze kwanza, kipi baadaye, kipi uache dukani

Ukishalipa pesa ya laptopu, muuzaji hakuachi uondoke. Hapo ndipo kazi yake inapoanza. "Ssebo, begi hili nakupa zawadi," anakwambia, na mkono wake unarudi rafuni: mausi yenye taa, feni ya kuweka chini ya mashine, plastiki ya kufunika kibodi, flashi ya TB 2, antivairasi ya mwaka mmoja. Unatokea Kampala Road mikono imejaa, na pesa uliyobakiza ya ziada imekwisha kabla hujafika kwenye taksi.

Mpangilio ninaoutoa hapa nimeupata kwa kuunguza, kwa kuibiwa na kwa kununua kitu kimoja mara mbili. Nimejiuliza swali moja tu: kipi kikikosekana kitaniumiza mapema zaidi nikiwa Uganda? Ndiyo maana mambo ya kasi utayakuta chini kidogo.

1. Gadi ya umeme

Kwa maandishi, umeme wetu ni volti 240, hezi 50, plagi ya meno matatu kama ya Uingereza. Kwenye soketi ya muzigo, chumba cha kupanga, ni hadithi nyingine.

Chaja ya laptopu yenyewe si mnyonge. Soma yale maandishi madogo mgongoni mwake, utakuta 100–240V. Maana yake umeme ukididimia hadi balbu ikawa na rangi ya chungwa, chaja inaendelea kufanya kazi. Kwa hiyo ile stabilaiza nzito ya boksi, unayouziwa kwa kuonyeshwa sindano ikicheza, laptopu haina haja nayo. Kinachoua chaja, na mara nyingine bodi iliyo nyuma yake, ni umeme kupanda. Hupanda kwa njia mbili. Ya kwanza ni mruko wa ghafla mtaa mzima unaporudishiwa umeme. Ya pili ni waya wa nyutro kulegea kwenye nguzo, na hapo nyumba moja inafifia huku ya jirani ikipokea volti zaidi ya 300. Hiyo ya pili hudumu, na ndiyo huacha televisheni zinanuka moshi nyumba nzima ya wapangaji.

Gadi ni ile ya kuchomeka ukutani ambayo watu wengi wamefungia friji. Volti zikipita kiwango hukata, na zikitulia hungoja dakika chache kabla ya kuruhusu umeme upite. Mwenye friji husumbuka na kungoja huko. Wewe una betri, hata hutajua. Mimi naiweka ya kwanza kabisa, mbele ya ekstensheni yenye kinga ya mishtuko. Ekstensheni hiyo inashika mruko mfupi lakini volti 300 za dakika tano zinaikaanga. Ukiweza, chukua zote mbili. Ekstensheni ya kinga ya kweli huandikwa kiwango chake cha jouli, yaani nguvu ya mishtuko inayoweza kumeza, na huwa na taa ya kuonyesha kinga bado iko hai, kwa sababu kifaa kinachomeza mishtuko huchakaa. Isiyo na maandishi hayo ni soketi tu zilizopangwa mstari. Na mwite fundi apime kama tundu la ardhi limeunganishwa kweli. Kwenye nyumba nyingi lile jino la tatu linaingia ukutani halikuti kitu.

Radi haimo katika mjadala huu. Eneo la Ziwa Victoria ni miongoni mwa sehemu zinazopigwa radi sana duniani, na hakuna kifaa cha dukani kinachozuia radi iliyoanguka karibu. Ngurumo ikianza alasiri, chomoa chaja, chomoa na waya wa intaneti kama unatumia. Ni bure.

UPS kubwa, lile boksi la betri linaloshikilia mashine umeme ukikatika, iache kwa wenye kompyuta za mezani. Kama kazi yako hufanyika kwa intaneti, nunua ile ndogo ya volti 12 ya kushikilia ruta umeme ukienda. Hakikisha tu kwamba chaja ya ruta yako nayo imeandikwa 12V.

2. Diski ya nje, na mashaka juu ya flashi

Laptopu ikiibiwa kwenye foleni ya jioni, unaweza kujikusanya ukanunua nyingine. Tasnifu ya Makerere ya miaka miwili hainunuliki popote.

Diski ya nje ya kawaida, ya TB 1, ndiyo inayokupa nafasi kubwa kwa pesa kidogo. Ina sahani inayozunguka ndani, kwa hiyo isipande boda na wewe. Ikae nyumbani, ukifika Jumapili unahamishia kazi za wiki. Anayelazimika kutembea nayo anunue SSD ya nje. Haina kinachozunguka, huvumilia mashimo ya barabara, na bei yake inauma.

Flashi ni ya kubeba faili kupeleka kwa mchapishaji, si ya kutunzia. Na ile ya TB 2 inayouzwa kwa bei ya chakula cha mchana ni uongo. Ndani yake kuna chipu ndogo iliyofundishwa kuidanganya kompyuta. Unanakili, unaona kila kitu kimeingia, na baada ya nafasi ya kweli kujaa, faili mpya zinaandikwa juu ya za zamani au zinapotelea hewani. Utagundua siku unayozihitaji. Kabla ya kuiamini flashi yoyote, ijaze hadi mwisho kwa video, kisha zifungue zote, kuanzia uliyoiweka kwanza hadi ya mwisho. Kuna programu ya bure iitwayo H2testw inayokufanyia kipimo hicho. Inachukua muda mrefu, iachie usiku.

Kutunza mtandaoni ni vizuri, kwa mpimo. Google wanatoa GB 15 bure, OneDrive GB 5. Weka humo vyeti, kitambulisho, tasnifu, hesabu za duka. Picha za harusi ya binamu zikae kwenye diski. Halafu, siku ile ile unapoifungua laptopu mpya, nenda kwenye mipangilio ya intaneti ya Windows uiambie kwamba mtandao wako ni wa kupimwa ("metered connection"). Usipofanya hivyo, masasisho na OneDrive wataimaliza bando yako ya mwezi mchana mmoja, nawe utailaumu kampuni ya simu.

3. RAM na SSD

Kama bado hujalipa, soma sehemu hii kwanza, kwa sababu mengi ya hapa yanaamuliwa dukani.

GB 8 za RAM, kumbukumbu ya muda ambayo mashine huitumia ikiwa kazini, zinatosha kuandika, kusoma barua pepe na kufungua kurasa chache. GB 16 ndizo za kukaa nazo miaka minne bila kununa. Lakini laptopu nyingi nyembamba za siku hizi RAM yake imelehemewa kwenye bodi. Ulichonunua ndicho utakachozikwa nacho. Mwambie muuzaji aiwashe, fungua dirisha la kuonyesha shughuli za mashine kwa kubonyeza Ctrl, Shift na Esc, nenda kwenye ukurasa wa utendaji, bonyeza kumbukumbu. Utaona nafasi ngapi zipo na ngapi zimetumika. Kisha tafuta mtandaoni namba kamili ya modeli, maana dirisha hilo nalo hudanganya wakati mwingine kwa RAM iliyolehemewa.

Nafasi ikiwepo, jua aina ya RAM yako: DDR4 haiingii kwenye tundu la DDR5, mkato wake uko mahali tofauti, usilazimishe. Vipande viwili vilivyo sawa hufanya kazi vizuri kuliko kimoja. Kuanzia mwishoni mwa 2025 bei ya RAM imepanda dunia nzima, kwa kuwa viwanda vinapeleka chipu zao kwenye vituo vya data vya akili bandia. Kwa hiyo ile hesabu ya zamani ya "nitanunua ya GB 8 halafu nitaongeza polepole" siku hizi huwa hailipi. Linganisha kwanza na tofauti ya bei ya mashine inayokuja na 16 kutoka kiwandani.

SSD ni rahisi zaidi. Laptopu nyingi mpya zinakuja nayo, na GB 256 zikijaa ndipo ubadilishe, si kabla. Angalia kama tundu lako ni la NVMe au SATA, aina mbili za kuunganisha SSD. NVMe ya kawaida husoma MB 3,500 kwa sekunde, SATA huishia karibu 550, na tofauti hiyo utaiona ukihamisha video, lakini kwa kuandika barua hutaihisi. Pima na urefu: 2280, 2242 na 2230 ni upana wa milimita 22 na urefu wa milimita 80, 42 au 30. Kama "mpya" yako ni mpya kwako tu, ile iliyotumika Uingereza na kufika huku kwa kontena, nayo bado ina diski ya kuzunguka, basi SSD ipande hadi nafasi ya kwanza kabla hata ya gadi. Hakuna shilingi itakayobadilisha mashine hiyo zaidi. Ile ya bei poa yenye hifadhi ya GB 64 ya eMMC, chipu ya polepole iliyolehemewa kwenye bodi, mpya kabisa kwenye boksi, iache hapo hapo. Windows 11 yenyewe inadai GB 64 kama kiwango cha chini.

Jambo moja la uchungu. Niliwahi kupeleka laptopu ya GB 8 kubadilishiwa feni. Ilirudi inapoa vizuri sana, ikiwa na GB 4. Fundi aliapa kwa mama yake. Tangu siku hiyo napiga picha ya skrini inayoonyesha RAM na diski mbele ya fundi kabla hajashika bisibisi, na nikirudi naiwasha kabla ya kulipa. Kwa laptopu mpya, mwambie aliyekuuzia ndiye akufungie RAM, na aiandike kwenye risiti, ili asije kukwambia umefungua mashine na waranti imekufa.

4. Kuchaji nje ya ukuta

Tazama kama mashine yako inachaji kwa USB-C. Kama ndiyo, umepata mlango mpana: chaja moja ya wati 65 inalisha laptopu na simu, na ukipoteza ya asili hutahangaika kutafuta pini ya mviringo inayofanana na yako.

Powabenki ndipo watu wanapoliwa. Ya mAh 20,000 ina takriban wati-saa 74. Betri nyingi za laptopu ni kati ya 40 na 60, na kuna zinazopotea njiani kama joto, kwa hiyo hesabu kujaza mara moja tu. Lakini nyingi za dukani hutoa wati 10 au 18, na laptopu inazikataa kimya kimya. Tafuta maandishi PD (Power Delivery, mfumo wa kuchaji kwa nguvu kubwa kupitia USB-C) na wati 45 kwenda juu, upande wa kutoa. Ukisafiri kupitia Entebbe, isizidi wati-saa 100, nayo ikae kwenye mzigo wa mkononi.

Kwa ndugu walio nje ya miji, wenye sola ya volti 12: kabla ya kununua inveta, jaribu chaja ya gari ya USB-C yenye PD. Inveta inapandisha umeme hadi 240, halafu chaja inaushusha tena hadi 20, na kila hatua inakula betri yako. Nimekulia Arua enzi umeme ulipokuwa wa zamu. Tulijifunza kuuhesabu kijiko kwa kijiko.

5. Begi

Lile la bure lina sponji nyembamba mbele na chini hakuna kitu, na chini ndiko laptopu inakogonga ukilitua. Bonyeza kona ya chini kwa kidole. Ukigusa sakafu, si begi la laptopu. Zipu iwe upande wa mgongoni. Kwenye boda, livae kifuani. Kwa mvua ya Aprili, kaveera nene, mfuko wa plastiki, ndani ya begi inashinda maandishi yote ya "haipitishi maji".

6. Mausi, stendi, skrini ya pili

Mausi ya waya, ya bei ya chini, basi. Stendi ni vitabu viwili vizito, ila ukiinua mashine utahitaji kibodi ya nje. Skrini ya pili ni anasa kwa mwanafunzi, na ni jembe kwa mtu wa uchapaji wa Nasser Road anayepanga mabango na kadi za kwanjula, sherehe ya utambulisho wa wachumba, siku nzima. Iliyotumika, yenye HDMI na ubora wa 1080p, itamtosha. Lakini aiwashe dukani dakika kumi kwenye rangi nyeupe tupu atafute madoa.

7. Uache rafuni

Antivairasi ya kulipia: Windows ina yake na inatosha kwa wengi wetu. Ofisi ya "kukrakiwa" anayokuwekea kijana wa duka kwa hisani: mara nyingi ndiyo inayoleta virusi; LibreOffice ni bure na halali. Plastiki ya kibodi huzuia joto kutoka na huacha alama kwenye skrini ukifunga. Feni ya chini ya mashine hupiga kelele na kula USB moja, wakati kinachoziba ni vumbi jekundu lililo ndani. Mpe fundi aisafishe mara moja kwa mwaka, umesimama pale pale.