Ndoo ya barafu ya tiki ISIYOTOKA JASHO! Nimeipima hapa hapa Mwanza

Mwangaluka watu wangu! Leo tusisalimiane sana, barafu imeshaanza kuyeyuka na video hii bila barafu haina maana. Dogo, sogeza kamera huku. Chini kidogo. Haya, hapo hapo.

Mnaiona? Na msikimbilie kwenye komenti kuandika "hicho kibuyu cha nini", maana nawajua. Hii ni ndoo ya barafu, ya mezani. Mbao ya tiki, ya Denmark, miaka ya 1950 kwenda 1960. Ndiyo sababu jana sikupokea simu ya mtu.

Habari za kampuni iliyoitengeneza, Dansk, wengi mnazo, tuliongea sana kwenye video ya vinu vya pilipili manga, kwa hiyo kwa wageni napita mbio. Mmarekani mmoja, Ted Nierenberg, alikwenda Copenhagen akaona visu na uma vyenye mpini wa tiki, kazi ya mbunifu Jens Quistgaard, ndiye aliyechora na ndoo hii. Akamtafuta, na mwaka 1954 Dansk Designs ikaanza. Mdenmark anachora, Mmarekani anauza. Basi. Vipimo sisomi, ukitaka urefu pima kwa macho, nimeiweka jirani na chupa ya Konyagi makusudi.

Halafu lile swali la kila siku: kitu cha Denmark kimefikaje Kanda ya Ziwa? Jamani, watu wa Nordiki wako nchi hii tangu zamani. Mradi wa Kibaha, ule wa elimu, afya na kilimo, walisaini 1963, Denmark, Sweden, Norway na Finland kwa pamoja na Tanganyika. Wataalamu walikuja na wake zao na masanduku yao, na mtu akirudi kwao habebi kila kitu. Ndiyo maana ukizunguka nyumba za zamani hukosi kukuta kiti, taa, sinia. Hii nimeitoa Capri Point, wenyewe wanahamia Dodoma. Ilikuwa imejaa vifungo vya shati. Vifungo! Mama wa watu ameweka vifungo kwenye ndoo ya Quistgaard, na vifungo vyenyewe ni vya plastiki.

Sasa njooni kwenye kilichonifanya niwashe kamera. Angalieni juu ya kabati. Kabati hili ni mninga, lile la miguu ya mshazari mliloliona video iliyopita, na juu yake nimetandika kurasa tatu za gazeti. Ukurasa wa kwanza, ndoo ya stenlesi ya kisasa, ile nyepesi ya ukuta mmoja ambayo kila baa inayo. Wa pili, jagi la plastiki. Wa tatu, bibi mwenyewe, ndoo yetu ya tiki. Vyote vina barafu kiasi kile kile, nimenunua asubuhi Mwaloni, Kirumba. Na nisisitize: barafu ya Mwaloni ni ya kulaza sangara, mimi natumia kwa majaribio. Ya kuweka kwenye glasi gandisha mwenyewe, maji yaliyochemshwa. Sitaki kesi.

Tumeziacha tangu naanza kupanga taa, na taa zenyewe zimenisumbua, kwa hiyo muda umekwenda wa kutosha. Dogo, njoo karibu. Stenlesi kwanza. Nainyanyua... Ona! Ona gazeti! Limelowa mpaka picha ya waziri imehamia upande wa pili. Pitisha kidole ubavuni, maji yanatiririka. Sasa hayo maji yangekuwa kwenye mninga wangu usiku kucha, asubuhi nakuta duara jeupe, na duara lile likishaingia kwenye polishi hulitoi kwa kitambaa. Unamwita fundi, fundi anakwambia "tupige msasa yote, bosi," na hapo umeshapoteza kabati.

Jagi, nainyanyua... limelowa pia. Kidogo kuliko stenlesi, lakini limelowa.

Haya. Bibi. Sogea, sogea zaidi, nataka waone maandishi. Nanyanyua. Kavu! Dogo, gusa. Gusa uwaambie. Kavu? Asante. Anapapasa ubavu, kavu. Anapapasa chini, kavu. Wadau, ndani ya hii kitu kuna barafu, sikilizeni nikiitikisa, ile pale, inagonga. Na nje ni kama ndoo imekaa tu na vifungo vyake.

Inakuwaje? Jasho la chombo halitoki ndani, hilo watu wengi hulikosea. Ni mvuke uliomo hewani. Hewa ya huku ziwani ina unyevu mwingi, ikigusa kitu cha baridi ule mvuke unageuka maji. Stenlesi inapitisha baridi moja kwa moja mpaka nje, ndiyo maana inaloa. Hii... ngoja nifungue. Mfuniko natoa hivi. Ndani kuna chombo cha plastiki ngumu, kinachomoka, mnaona? Barafu inakaa kwenye plastiki, kati ya plastiki na mbao kuna nafasi ya hewa, halafu mbao yenyewe ni nzito kupitisha baridi. Kwa hiyo ngozi ya nje inabaki na joto la sebule. Mvuke unapita, haupati pa kugandia. Kitu rahisi hivyo! Na kimefikiriwa zaidi ya miaka 60 iliyopita na mtu wa nchi ambayo barafu iko nje mlangoni.

Nairudia, mliokuwa mnaangalia simu nyingine. Gazeti la stenlesi, hili. Gazeti la tiki, hili. Nitayaweka hata kwenye picha ya mbele ya video.

Na tukiwa tumeishika, tazameni ubavu. Siyo gogo lililochongwa. Ni vipande vingi vyembamba vimesimamishwa wima vikaungwa kwa gundi, kila kimoja kimelazwa pembe kidogo ili duara lifunge. Pitisha ukucha, huoni unapokwama. Nilimpelekea fundi mmoja wa mitumbwi, mzee wangu wa pale Kirumba, akaizungusha mikononi, akasema, "Hawa wamekalafati na nini?" Nikamwambia hakuna pamba ya kuzibia nyufa humu mzee, ni gundi tu na pembe. Akaiweka sikioni akaigonga. Hakusema tena kitu, ila aliniuliza bei.

Lakini hapo ndipo muwe makini. Mtumbwi ukikaa juani mbao zinaachana, unaurudisha majini zinavimba, unafunga. Hii ni kinyume chake. Ukiiloweka kwenye beseni, mbao zinavimba, gundi inaachia, ikikauka tena unabaki na nyufa. Kwa hiyo: kitambaa chenye unyevu, futa, kausha kivulini. Kile cha plastiki cha ndani ndicho unachokiosha. Na usipasue barafu humo ndani kwa kisu, maana plastiki ile ikipasuka huna pa kuipata, hata uzunguke Makoroboi na Mlango Mmoja mpaka usiku.

Mafuta? Msipake alizeti! Nimeona mtu mtandaoni anapaka alizeti kwenye sinia la tiki huku anacheka. Mafuta ya kupikia yanakaa, yanachacha, yananata, vumbi linajiandikisha. Nenda duka la dawa, ulizia parafini ya maji, ile nyeupe isiyo na harufu wanayowapa watu waliofunga choo. Narudia, ya duka la dawa. Siyo mafuta ya taa, jamani, msije mkaniwekea moshi kwenye jina langu.

Sasa nimlipue mtu kidogo. Kuna chaneli moja, iko Dar, siitaji, kila wiki jamaa ana "tiki original ya Ulaya". Mwanangu, nusu ya vile ni mninga na mvule. Mninga ni mbao nzuri sana, kabati hili hapa ni mninga na silibadilishi na kitu, lakini liite mninga! Tiki ukiishika ina hali ya mafutamafuta hivi, na ukiipiga msasa inatoa harufu kama ya ngozi. Halafu siyo kwamba tiki ni lazima itoke Ulaya, Ulaya haioti tiki, wao walileta mbao kutoka Asia. Sisi tunayo Longuza kule Muheza, tunayo Mtibwa, Morogoro. Mafundi wa Buzuruga mnaonitazama, mtu akinitengenezea ndoo kama hii kwa tiki ya Muheza, namletea kamera bure.

Cha kuangalia ni chini. Naigeuza. Hapo pamechomwa alama: Dansk, Denmark, na zile herufi IHQ, ndiye Quistgaard huyo. Na juu yake, leta taa, bata wanne wadogo wamepangana. Bata wale ni alama ya matoleo ya mwanzo. Baadaye bata wakatoka, na utengenezaji ukahamia nchi nyingine. Ukikuta haina bata siyo feki, ni mdogo wao tu. Ukikuta haina alama yoyote, ndoo za tiki za namna hii walitengeneza wengi, nunua ukiipenda, ila usilipe bei ya bata.

Bei, eeh, najua mmesubiri. Aliniambia laki moja na nusu, nikatoa tisini elfu na nikamrudishia vifungo vyake. Nje huko zinakwenda mamia ya dola kabla ya usafiri. Kuna mtu ameshanifuata na laki sita, nikamwambia siuzi. Siuzi kwa sababu kitu kinachofanya kazi yake hivi hukiweki sokoni... laki nane tungeongea, lakini laki sita siuzi.

Komenti moja niisome, imenichekesha na imeniudhi: "Kaka, hotpoti ya mama yangu inatunza barafu kuliko hilo gogo lako." Ni kweli! Nimejaribu na ya nyumbani, ile ya ugali. Kwa kutunza baridi peke yake, hotpoti inaishinda, mfuniko wake unabana na ukuta wake una povu ndani. Hii mfuniko wake unakaa tu, haubani, na hilo ndilo ningemlalamikia Quistgaard kama angekuwa hai, alifariki 2008. Ila leta hotpoti yako ya maua mekundu uiweke hapa juu ya mninga, mbele ya wageni, pembeni ya glasi za ukingo wa dhahabu. Weka. Umeona?

Na mtu asiniambie basi ile ndoo ya barafu ya chuma ya Arne Jacobsen, mbunifu mwingine wa Denmark, ya kampuni ya Stelton, toleo la Cylinda-Line la 1967. Naijua, naipenda, kuta zake mbili zinafanya kazi hii hii na ni nzuri kama bomba la mafundi wa peponi. Mwenye nayo Mwanza ajitokeze, tuzipambanishe na magazeti yetu. Atakayeivusha kutoka Sengerema sasa hivi hana kisingizio cha kivuko, daraja la Kigongo–Busisi lipo.

Za chaneli: tumekaribia elfu kumi, bonyeza kengele. Maikrofoni mpya imefika, bodaboda bado mnawasikia, hiyo ni barabara siyo maikrofoni. Video ijayo ni toroli la vinywaji la miaka ya 1960, magurudumu yake yote manne yanakwenda njia tofauti, au seti ya glasi za dhahabu na kwa nini hupaswi kuziingiza kwenye maikrowevu. Pigeni kura chini hapo.

Na wale wawili mnaoniuliza bei ya kabati kila wiki: kabati haliuzwi. Dogo, kata, nisaidie hii barafu iende kwa wauza samaki.