Thessaloniki kwa miguu: mwongozaji alistahili pesa yake, ila kundi lilikuwa kubwa mno

Nimekulia Tanga, nikisikia kanisani "Somo katika Waraka wa Mtume Paulo kwa Wathesalonike", na miaka yote hiyo sikuwahi kuwafikiria hao Wathesalonike kama watu wenye bandari, soko na foleni ya magari. Mwezi wa tano nilipopata likizo ya siku nne hapa Stuttgart, nikakata tiketi ya kwenda kwao, kaskazini mwa Ugiriki, nikalipia matembezi ya saa tatu ya kuongozwa.

Tulianzia Mnara Mweupe, ufukweni. Ukitembea peke yako mji huu utakupita. Ulianzishwa mwaka 315 kabla ya Kristo, lakini katikati yake barabara zimenyooka na majengo mengi ni ya karne ya 20. Sababu ni moto wa Agosti 1917: uliteketeza sehemu kubwa ya mji, kisha Mfaransa Ernest Hébrard akaongoza mpango wa kuujenga upya. Ya kale yapo, ila mpaka uonyeshwe.

Mfano ni Rotunda, jengo la duara la matofali la mwanzoni mwa karne ya 4, enzi za Kaisari Galerius. Liligeuzwa kanisa, Waosmani, watawala wa Kituruki, wakalifanya msikiti, baadaye likarudishwa kuwa kanisa, na mnara wa adhana bado umesimama nje. Mwongozaji alituambia tupime unene wa ukuta kwa hatua tunapopita mlangoni. Nilihesabu nane kabla sijatokea ndani. Juu kabisa kuna watakatifu wa mozaiki, mikono wameinua, viganja wazi, kama padri anavyosimama wakati wa sala. Niliwatazama hadi shingo ikauma.

Kilichoniumiza ni Uwanja wa Eleftherias, maana yake Uhuru, karibu na bandari. Tarehe 11 Julai 1942 Wanazi waliwakusanya hapo wanaume wa Kiyahudi wapatao 9,000, wakawasimamisha juani kwa masaa na kuwadhalilisha. Mwaka uliofuata Wayahudi wa mji huu, zaidi ya 40,000, walipakiwa kwenye treni za kwenda Auschwitz, kambi ya mauaji ya Wanazi, na karibu wote waliuawa. Wengi wao walikuwa wazao wa watu waliofukuzwa Hispania mwaka 1492, na Kihispania chao cha kale walikuwa bado wanakizungumza. Hata makaburi yao yalivunjwa, mawe yakaenda kujengea, na leo Chuo Kikuu cha Aristotle kimesimama juu ya eneo hilo. Mwongozaji alisema haya taratibu, kisha akatuacha kimya kwa muda. Namshukuru kwa hilo.

Lawama yangu ni moja, tena kubwa: tulikuwa watu 27, bila kipaza sauti. Pale Tao la Galerius, mabasi ya barabara ya Egnatia yakinguruma, sisi wa nyuma tuliambulia nusu ya maelezo. Kabla hujalipa, uliza kundi lina watu wangapi. Wakizidi 12, tafuta wengine. Nawapa nyota 3 kati ya 5, na zote ni za mwongozaji.

Ano Poli, mji wa juu, nenda mwenyewe. Moto haukufika huko: vichochoro vya mawe, ngazi, nyumba zenye ghorofa zilizochomoza juu ya njia. Vaa viatu visivyoteleza, na ununue koulouri njiani, mkate wa duara wenye ufuta.

Kabla ya kuondoka, shuka kituo cha metro cha Venizelou. Metro ilifunguliwa Novemba 2024, na kituoni wameiacha wazi barabara kuu ya kale iliyochimbuliwa, imesakafiwa kwa marumaru. Mawe mengi ni ya karne za baada ya Paulo, lakini mtaa wenyewe ulichorwa na Warumi. Nilimpigia mama simu ya video nikiwa hapo. Akaniuliza, "Kwani Wathesalonike bado wapo, mwanangu?" Nikaigeuza kamera kwa waliokuwa wakishuka ngazi na mifuko yao ya sokoni.